Pengo la Heshima Kwenye Ukuta wa Lambo

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, niliposimama juu ya ukuta wa lambo letu nikiwa na daftari mkononi na kalamu sikioni, nikijiona ndimi mwenye akili kuliko wote kutoka vilima vya Kwale mpaka baharini. Ukuta ulikuwa umepasuka katikati. Maji ya kijiji kizima yalikuwa yamekwenda zake bondeni, yakaacha matope na kambare wawili watatu wakigaragara. Nami, kijana wa miaka ishirini na sita, nilikuwa nimepewa kazi ya kueleza ni kwa nini.

Nakwambia haya kwa sababu juzi lambo la jirani zetu kule vilimani lilibomoka, na kabla matope hayajakauka, nyinyi vijana mlikuwa mmekwisha kumpata mkosaji kwenye simu zenu. Nilikusikia ukimtaja. Sikukugombeza, kwani nami niliwahi kumtaja mtu. Kaa nikusimulie, na cheka unapotaka kucheka. Mimi mwenyewe huicheka mpaka leo.

Wewe umekulia hapa Msambweni. Unafungua mfereji, maji yanatoka. Kwetu huko ndani, nyuma ya vilima, maji yanasubiriwa. Mvua ikija tunaizuia bondeni kwa ukuta wa udongo, na yale maji yanayosimama nyuma ya ukuta ndiyo lambo. Watu, ng'ombe na mbuzi wote huishi kwa hilo. Lambo likikauka, maji mengine ni mwendo wa siku nzima, na ndama hawawezi mwendo huo.

Lile lambo tulilijenga wenyewe kwa mweria, yaani kazi ya kusaidiana, kila nyumba ikitoa watu wake na mwisho wa siku sufuria zikipakuliwa pamoja. Ukuta uligawanywa kwa nyumba. Kila nyumba ilipimiwa hatua kumi, kigingi huku na kigingi kule, juu yake kitambaa cha rangi yake. Katika hatua zako kumi ulichimba, ukabeba udongo kwa karai, ukamwaga, ukaunyunyizia maji, kisha ukaushindilia kwa gogo mpaka ulie kama ngoma. Halafu tabaka jingine juu yake. Nyumba yetu ilikuwa na kitambaa chekundu. Waliotufuata, wenye kitambaa cha kijani, walikuwa wakwe zangu, maana nilikuwa nimemwoa binti yao, Umazi, mwaka uleule.

Wakati huo nilikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya Diani. Kazi yangu ilikuwa kuandika kila kilichoingia na kila kilichotoka: sahani, mashuka, sabuni, vitunguu. Likizo yangu yote niliimalizia kwenye ukuta ule, nikarudi Diani na mikono iliyochubuka na kifua mbele.

Masika ikaja vizuri. Lambo likajaa mpaka vyura wakakosa adabu, wakaimba hata mchana. Kisha, baada ya mvua kubwa ya usiku mmoja, ukuta ukaachia alfajiri ya Ijumaa. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Mahindi ya bondeni yalizolewa, na jogoo wa mwalimu alikutwa juu ya mkwaju, amenuna, hataki kushuka. Lakini maji ndiyo hayo, yamemwagika.

Naibu wa chifu akaniita kutoka Diani. "Wewe unajua kuandika mambo kwa utaratibu," akaniambia. "Chunguza, uandike chanzo, Jumatatu utusomee barazani. Watu wanataka kujua, na mvua bado zipo. Tukijua kosa, tutajenga tena kabla hazijaisha."

Mwanangu, kusifiwa ni mtihani. Nilifika Jumamosi nikiwa na daftari jipya na rula. Nikamuuliza fundi wa baiskeli. Nikamuuliza mwenye duka. Nikawauliza wazee wawili waliokuwa wakicheza bao. Wote wanne walinipa jibu moja: ng'ombe wa Ndoro.

Mzee Ndoro alikuwa mfugaji, mrefu, mkavu kama fimbo yake, mtu wa maneno machache kwa watu na mengi kwa ng'ombe. Sote tulikuwa tumekubaliana kwamba mifugo isipite juu ya ukuta. Naye Ndoro, siku ya Alhamisi, njia ya chini ilipojaa matope, aliwapitisha ng'ombe wake juu. Watu walimwona. Nikapanda ukutani, nikaziona kwato zimechora udongo mbichi. Nikafurahi kama mtu aliyeokota pete. Nikapiga mstari kwa rula, nikaandika: "Chanzo cha kubomoka: kukanyagwa na ng'ombe wa Mzee Ndoro." Kazi yote haikumaliza muda wa kuchemsha muhogo.

Jumatatu baraza likajaa, wanaume upande mmoja, wanawake upande wa pili. Mzee mmoja akafungua kwa wito wa kwetu wa kutuliza watu, "Taireni!" Sote tukaitika, "Za mulungu!" Imamu akaomba dua, na mwinjilisti aliyekuwa amehamia kwetu kutoka bara akaifunga kwa amina ndefu. Nikasimama, nikasoma. Nilisoma kwa sauti ya hotelini, ile ya kumkaribisha mgeni mwenye masanduku mengi.

Nilipomaliza, watu wakamgeukia Ndoro. Mwenye duka akasema, "Basi lambo likijengwa, ng'ombe wake wasinywe hapa mpaka masika ijayo." Wengi wakaitikia, "Ndiyo, wasinywe." Kusema hivyo kulikuwa rahisi. Lakini kila mtu pale alijua kiangazi chetu, alijua umbali wa maji mengine, na alijua kwamba ng'ombe wa Ndoro waliokuwa na ndama wachanga wasingefika.

Ndoro akasimama. Akasema, "Nilipita, kweli. Nilikosa, sikatai." Kisha akakaa. Nikamtazama, kisha nikatazama daftari langu, kwa kuwa daftari lilikuwa limeandikwa vizuri.

Hapo ndipo ikasikika sauti kutoka upande wa wanawake. "Mume wangu! We mume wangu wa hotelini!"

Watu wakaanza kucheka kabla hajasema lolote. Alikuwa Bi Mbeyu, nyanya yake Umazi. Kwetu, nyanya wa mke wako ni mtani wako. Anakuita mume, unamwita mke, mnachekeana mpaka mmoja atangulie mbele ya haki. Lakini mama wa mke wako, huyo ni jambo jingine kabisa. Huyo humkaribii, humpi mkono, huli mbele yake, hata jina lake hulitaji. Ndiyo sababu nami hapa nitamwita mama mkwe tu, ingawa Mungu amemrehemu miaka mingi iliyopita.

"Naam, mke wangu," nikamjibu.

"Shikamoo imekushinda, au Diani haipatikani?"

"Shikamoo, Bi Mbeyu."

"Marahaba. Sasa niambie. Hizo kwato, ziko wapi na pengo liko wapi?"

Nikasema ziko ukutani, na pengo liko ukutani.

"Hata mimi na wewe tuko Kwale, lakini hatujalala kitanda kimoja!" Baraza likaangua kicheko, imamu akajifunika uso kwa kofia. Bi Mbeyu akaendelea, "Ulipima? Hotelini unahesabu vijiko, ukuta wa maji yetu huuhesabu? Na umemuuliza nani? Mwenye duka! Mwenye duka anachota maji? Maji yanachotwa na nani hapa kijijini?"

Watu wa kwetu husema kuuliza si ujinga, lakini kuna ujinga wa kuuliza wale tu wanaokupendeza. Wachotaji wa maji walikuwa wanawake, kila asubuhi na kila jioni, na sikuwa nimemuuliza hata mmoja.

"Basi niulize," akasema.

"Uliona nini, Bi Mbeyu?"

"Jumanne niliona maji yakitoka chini ya ukuta, upande wa nje. Machache, kama ya mtoto anayekojoa. Lakini hayakuwa meupe, yalikuwa ya rangi ya chai. Nikamwambia mwanangu yule pale upande wa wanaume, akasema ni umande. Umande wa rangi ya chai!"

Jumanne. Naye Ndoro alipita Alhamisi. Mwanangu, nikazihesabu siku hizo kwa vidole. Maji yakitoka meupe yanapenya tu, lakini yakitoka na rangi ya udongo, ukuta unaliwa ndani. Na ukuta ule ulianza kuliwa siku mbili kabla ng'ombe wowote hawajapita.

Naibu wa chifu akasema, "Twendeni huko huko." Baraza zima likainuka, na kandambili zikaanza kunasa kwenye matope.

Safari hii nilipima. Kutoka mwisho wa kaskazini hadi kwenye kwato ilikuwa hatua kumi na tano. Kutoka hapo hadi pengoni, hatua arobaini na zaidi. Ndoro alikuwa amekata pembe ya ukuta na kushuka. Hakufika hata karibu. Katika mapito yake udongo ulichubuka juu tu, kina cha kidole. Nikaandika. Kisha nikahesabu vigingi: kitambaa cheupe, cha bluu, cha manjano, na kuendelea, watu wakihesabu pamoja nami kwa sauti, kila nyumba ikishangilia ikipitwa. Tulipokaribia pengo, sauti zikapungua. Kigingi cha mwisho kabla ya pengo kilikuwa na kitambaa chekundu. Ng'ambo ya pengo, cha kwanza kilikuwa cha kijani.

Nikashuka ndani ya pengo peke yangu na mtaimbo. Upande wetu, nilipoudunga udongo, mtaimbo uliruka mkononi. Upande wa wakwe zangu, uliruka vilevile. Lakini pale chini katikati, kwenye mabaki ambayo maji hayakuyabeba, mtaimbo ulizama mpaka karibu na kiganja. Udongo ulikuwa mlegevu, mabonge juu ya mabonge, na nyasi kavu ndani yake. Haukuwahi kushindiliwa hata siku moja.

Nikasimama na ule mtaimbo, na siku zote za mweria zikanirudia. Mpakani pale nyumba yetu ilikuwa imenipanga mimi, na nyumba yao mama mkwe, naye alikuwa mchapakazi. Kila aliposogea na gogo lake kuelekea kwenye mpaka wetu, mimi nilirudi nyuma, kwa heshima. Kila niliposogea mimi, alirudi nyuma yeye, kwa heshima hiyohiyo. Pale katikati palibaki upana wa mikono miwili ambapo hakuna mguu uliokanyaga. Ili mahali pasionekane pa chini, mimi nilirusha udongo kwa mbali kutoka huku, naye akarusha kutoka kule. Tabaka baada ya tabaka, likizo nzima. Kwa juu ukuta ulikuwa sawasawa, unapendeza. Ndani, tulikuwa tumejenga mlango wa maji.

Hapa ndipo nataka unisikilize. Nilikuwa shimoni peke yangu. Watu juu waliona tope tu. Ningeweza kupanda na kusema fuko walichimba, au kenge, na fuko hana wa kumtetea. Kusema kweli kulimaanisha kujiaibisha mimi, mwandishi wa ripoti, na kumtaja mama mkwe mbele ya kijiji, jambo ambalo mume mpya halifanyi. Umazi alikuwa pale juu, ameshika leso yake kwa meno, ananitazama. Nyani haoni kundule, wanasema. Mimi niliuona ukuta wangu wazi, na nilitamani nisiuone.

Kisha nikamwona Ndoro. Alikuwa amesimama mbali kidogo na wenzake, kama mtu ambaye tayari amehama.

Nikapanda. Nikaichana ile karatasi ya ripoti. Nikasema, "Jamaa, Mzee Ndoro alikosa kupita, lakini hakubomoa. Ukuta umebomoka mahali ambapo kitambaa chekundu na cha kijani vinakutana. Hapo hapakushindiliwa. Kwa upande wangu, niliogopa kusogea. Mniwie radhi. Na wewe, Mzee Ndoro, nakuomba msamaha mbele ya hawa wote, kama nilivyokusema mbele ya hawa wote."

Halafu Bi Mbeyu akauliza polepole, "Uliogopa kusogea kwa nani, mume wangu?"

Jina lake silitaji. Lakini kijiji kizima kilikuwa kimekwisha kugeuza shingo kumtazama mama mkwe, naye alikuwa amejifunika leso mpaka machoni. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Nikasema moyoni, ndoa yangu imekwisha, hata mwaka haijatimiza.

Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Kisha, bila kunitazama, akamwambia Bi Mbeyu, ingawa mimi nilikuwa hatua sita tu kutoka kwake, "Mama, mwambie mkwe wangu kwamba kule kurusha udongo kwa mbali, yeye ana shabaha mbaya. Nusu ya udongo wake iliniingia kichwani."

"Mume wangu, umesikia?"

"Nimesikia, Bi Mbeyu. Mwambie mama nasikitika."

"Anasikitika," Bi Mbeyu akamwambia.

"Mwambie hata mimi nilirusha vibaya makusudi siku moja, alipoanza kuimba."

Basi, mwanangu, watu walicheka hadi ng'ombe wakainua vichwa. Mwinjilisti alishika tumbo. Naibu wa chifu alijaribu kusema jambo la maana mara tatu, akashindwa. Na katikati ya kicheko hicho, Mzee Ndoro akaja mbele yangu, akanipa mkono.

"Kijana," akasema, "umenipaka tope mbele ya watu, na mbele ya watu umenisafisha. Yamekwisha." Kisha akawageukia wengine. "Lakini mnajua, ng'ombe wangu wameshtakiwa kwa kukanyaga. Na hapa nasikia tatizo ni kwamba hapakukanyagwa."

Ilichukua muda kidogo mpaka tukaelewa. Kwato za ng'ombe hushindilia udongo kuliko magogo kumi. Wale tuliotaka kuwanyima maji ndio tuliowahitaji.

Siku iliyofuata tukaanza. Tulilifukua pengo mpaka kwenye udongo mgumu pande zote mbili, tukakata ngazi ili mpya ushikane na wa zamani. Tukamwaga tabaka nyembamba, tukanyunyiza maji, na Ndoro akawaingiza ng'ombe wake, akiwaita kwa majina, akiwazungusha huku na huku. Kila tabaka lilimaliziwa kwa magogo, na hapo ikabaki suala la mpaka wetu. Wazee walikaa, wakashauriana, na hawakuivunja desturi. Walisema tu kwamba kati ya mtu na mama mkwe wake awekwe mtani. Bi Mbeyu akashushwa pengoni na gogo lake dogo, akasimama mahali palepale ambapo hapakuwahi kuwa na mguu. Mimi huku, mama mkwe kule, yeye katikati akiimba na kushindilia, akinigonga kiunoni kila nilipolegea. "Sogea, mume wangu! Maji hayana mkwe!"

Siku ya nane ukuta ukafika juu. Mvua tatu nzuri zilikuwa bado zimebaki katika masika ile, zikaja moja baada ya nyingine. Tulikaa zamu pale chini, na kila asubuhi niliwauliza wanawake, mmoja mmoja, kama wameona maji upande wa nje. Waliniambia hapana. Nikaandika hapana, jina la aliyeniambia, na siku. Lambo likajaa nusu, likatutosha, na ndama wa Ndoro walikunywa humo kiangazi kizima. Ukuta ule bado umesimama.

Sasa shika haya, mwanangu. Jambo likiharibika, usianze na nani, anza na wapi na lini. Nenda kwa miguu yako, pima, na umuulize anayeshika jambo hilo kila siku, hata kama hakai mbele barazani. Mkosaji aliyetajwa na watu wote kwa haraka mpe siku moja zaidi, kwa maana watu wanne wanaweza kuwa wamesikia kwa mmoja. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Lakini ulimi ukijikwaa, usimame palepale ulipoangukia, na uombe radhi kwa sauti ileile uliyoshtakia. Yule uliyemtaja juzi kwenye simu, kesho mwendee nyumbani kwake.

Na heshima uishike, sikuambii uiache. Lakini pale ambapo heshima inawafanya watu wawili wema warudi nyuma, kila mmoja akimwachia mwenzake, mtafute wa kusimama katikati. Mambo mengi hayabomolewi na wabaya. Yanabomoka mahali ambapo wema walioneana haya.

Mwenyezi Mungu akupe macho yanayopima na moyo usioona aibu kusema nilikosea. Akujaalie wakwe wanaojua kucheka. Mvua zako zije kwa wakati, zikukute umeshindilia, na wanao wanywe maji matamu uliyoyazuia kwa mikono yako. Amina.